Minova: Kamera ya zamani haijashindwa, picha ndiyo inayopotea njiani

Katika Minova, kituo kikubwa cha biashara kwenye mwambao wa ziwa Kivu, wilaya ya Kalehe, mpiga picha mwenye kamera ya zamani anaanza kuonekana kama mtu aliyechelewa. Ikifika harusi, ubatizo au siku ya watoto kupokea matokeo ya shule, vijana wa familia wananyanyua simu zao na kazi inaisha hapo hapo, bila malipo. Yule aliyezoea kupiga foto na kuzirudisha siku mbili baadaye kwenye karatasi anaambiwa kwamba apareyi yake ina megapikseli 6, na simu ya mteja ina 50. Mabishano yanaishia hapo.

Lakini hesabu hiyo inadanganya. Na katika eneo ambalo picha inatumika kumtambulisha mtu, kumkumbuka marehemu, na hata kumfikisha mhalifu mbele ya korti, kudanganyika juu ya picha ni hasara kubwa.

Inafaa kuanza na hiyo idadi yenyewe. Nikon D40, kamera iliyotoka mwaka wa 2006, ina megapikseli 6.1. Maana yake ni nukta milioni sita hivi za rangi: 3,008 kwa upana na 2,000 kwa urefu. Picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15, ile inayowekwa katika albamu, inahitaji nukta 1,200 kwa 1,800 hivi ili ionekane safi kwa mtu anayeishika mkononi. Hizo ni milioni mbili na kidogo. Kwa hiyo kamera ya karibu miaka 20 iliyopita inatoa karibu mara tatu ya kile kinachohitajika kwa picha ya albamu. Hata ikipanuliwa kufikia ukubwa wa karatasi ya kuandikia, bado inapendeza.

Upande wa simu, idadi kubwa iliyoandikwa kwenye kartoni haielezi yote. Simu nyingi zinazotangaza megapikseli 50 huunganisha nukta nne kuwa moja, na picha inayobaki kwenye simu ina 12 hivi. Zinafanya hivyo kwa sababu nukta zake ni ndogo mno, na kila moja peke yake haipati mwanga wa kutosha. Idadi ile ni ya biashara kuliko ya picha.

Kinachotengeneza picha ni mwanga. Nyuma ya lenzi ya kila kamera kuna kipande kinachoitwa sensa, na kazi yake ni kupokea mwanga huo. Sensa ya kamera kama D40 ina milimita 23.7 kwa 15.6. Sensa ya simu nyingi za bei ndogo haifiki upana wa milimita 6. Ukubwa wa eneo unapita zaidi ya mara kumi. Wavuvi wa sambaza, wanaotoka usiku na taa zao kwenye ziwa Kivu, wanalielewa jambo hili bila kufundishwa: kuhesabu matundu ya wavu si kuhesabu samaki. Wavu mdogo unaweza kuwa na matundu mengi kuliko wavu mkubwa, lakini asubuhi kinachopimwa ni kilichomo ndani ya ndoo.

Ndiyo maana picha ya harusi iliyopigwa mchana na mtu anayeijua kamera yake ya zamani, yenye lenzi nzuri, bado inaweza kuishinda ile ya simu mpya ya bei ndogo. Nywele zinaonekana moja moja, kitambaa cha nguo kinaonekana jinsi kilivyofumwa, na nyuma ya maharusi vitu vinafifia vyenyewe bila programu kuvikata kando ya masikio.

Haki itendeke upande wa pili pia, maana kamera za zamani zina udhaifu wake, na hakuna sababu ya kuuficha. Usiku, au ndani ya nyumba yenye balbu moja, nyingi za miaka ya 2000 huleta picha iliyojaa punje kama mchanga. Mtu akisimama mbele ya dirisha, kamera hizo huchagua moja kati ya mawili: ama anga linaungua na kuwa jeupe, ama sura ya mtu inakuwa nyeusi kama kivuli. Simu za kisasa hupiga picha kadhaa kwa haraka na kuziunganisha kuwa moja, ili anga libaki anga na sura ibaki sura. Hapo teknolojia mpya imesonga mbele kweli.

Simu ina nguvu nyingine ambayo hakuna lenzi inayoweza kuishinda: iko mfukoni. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma, na makumi ya watu wakafa. Vita vilikuwa vimefunga barabara, na kwa wakaaji wengi ziwa ndilo lilikuwa njia iliyobaki. Dunia iliiona boti hiyo ikilala ubavu na kuzama kwa sababu kulikuwa na mtu ufukoni mwenye simu. Kama kungesubiriwa mtaalamu mwenye kamera kubwa, kusingekuwa na picha yoyote ya dakika zile.

Kwa hiyo swali la kipi ni bora, cha zamani au kipya, halina jibu moja. Kamera ya zamani inafanya vizuri mchana, kwenye picha iliyopangwa, kwenye karatasi. Simu inafanya vizuri usiku na wakati wa dharura. Shida kubwa ya picha za Minova, na za Kivu nzima, haiko kwenye kamera. Iko katika yale yanayotendeka baada ya kidole kubonyeza.

Jambo la kwanza ni sura ya mtu. Kwa muda mrefu viwanda vya picha duniani vilipima rangi kwa ngozi nyeupe. Kampuni ya Kodak ilisambaza kwa miaka mingi kadi za mfano zenye picha ya mwanamke mzungu, na mafundi wa maabara walizitumia kusawazisha rangi. Alama ya mawazo hayo haijafutika kabisa. Hata leo kamera inayojipimia mwanga, ikimkuta mtu mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe, hudanganywa na ukuta na kuifanya sura iwe giza. Mpiga picha mwenye uzoefu anajua kuongeza mwanga kidogo, au kumtoa mteja karibu na ukuta huo.

Kampuni za simu zimejaribu kusahihisha. Transsion, inayotengeneza Tecno, Itel na Infinix, ilijipatia soko kubwa la Afrika kwa sehemu kwa kurekebisha kamera zake ili zionyeshe vizuri ngozi nyeusi. Google nayo ilitangaza jambo kama hilo mwaka wa 2021 kwa simu zake za Pixel 6. Hiyo ni habari njema. Lakini simu hizo hizo mara nyingi huja na kile kinachoitwa urembo: kinalainisha ngozi, kinafuta mikunjo, kinaongeza weupe. Watu wengi hawajui kwamba kinafanya kazi. Mama wa miaka 60 anatoka kwenye picha akiwa kama binti wa miaka 30, na kovu alilokuwa nalo tangu utoto halipo tena.

Kwa picha ya kuchekesha marafiki, hakuna ubaya. Kwa picha ya kumtambulisha mtu, ni balaa. Kovu, ndui, jino lililokatika, ndivyo vitu ambavyo ndugu hutumia kumtambua ndugu yake. Katika eneo ambalo familia zinatawanyika kila mara vita vinaposogea, kama ilivyotokea tena Minova ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari 2025, picha ya mtoto aliyepotea inapaswa kumwonyesha mtoto jinsi alivyo. Hapo kamera ya zamani, isiyojua kurembesha, inasema ukweli zaidi.

Jambo la pili ni safari ya picha. Simu inapiga, picha inatumwa kwa WhatsApp, na wengi wanaamini kwamba kilichofika ni kile kilichopigwa. Sivyo. Kwa njia ya kawaida WhatsApp huibana picha na kuishusha hadi nukta 1,600 hivi kwa upande mrefu. Ile ya megapikseli 50 iliyotambiwa mbele ya mpiga picha wa kituo inafika kwa shangazi aliyeko Bukavu ikiwa na karibu 2, chini ya ile ya kamera ya 2006 aliyoichekwa mwenzake. Tangu Agosti 2023 kuna chaguo la ubora wa juu, lakini nalo bado linabana. Njia ya kuituma picha nzima ipo, ni kuituma kama dokima, jinsi inavyotumwa barua. Wachache ndio wanaoitumia, kwa sababu inakula uniti za intaneti.

Kisha simu inaanguka majini, inaibwa, au inajaa na mwenyewe anafuta ili apate nafasi. Miaka mitano ya watoto inatoweka kwa dakika moja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na picha ni mali.

Karatasi nayo si dawa ya kila kitu. Mwanzoni mwa Mei 2023, mafuriko na maporomoko yalifagia Bushushu na Nyamukubi, katika wilaya hiyo hiyo ya Kalehe, na zaidi ya watu 400 wakafa. Nyumba zilikwenda na vyote vilivyokuwa ndani yake. Albamu iliyokuwa kwenye sanduku moja ilienda na sanduku. Pale ambapo nakala nyingine ilikuwa kwa ndugu anayeishi mbali, marehemu amebaki na sura. Pale ambapo haikuwepo, amebaki jina tu.

Na karatasi yenyewe inaweza kuwa mbaya. Katika maandalizi ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, raia wengi wa Kongo walilalamika kwamba maandishi na sura kwenye kadi zao za mpiga kura vilikuwa vimefutika miezi michache tu baada ya kuzipokea, na tume ya uchaguzi CENI ikalazimika kutoa kadi nyingine. Katika nchi ambayo kadi hiyo ndiyo kitambulisho cha watu wengi, mbele ya benki, shule na kizuizi cha barabarani, kufutika kwa picha ni sawa na kufutika kwa mtu. Hapo hakuna aliyeuliza kamera iliyotumika ilikuwa na megapikseli ngapi. Picha iliharibikia kwenye uchapishaji.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni ushahidi. Minova inajulikana duniani kwa sababu ya uchungu wa Novemba 2012, pale askari wa jeshi la taifa waliokimbia Goma, baada ya M23 kuiteka, walipofika kwenye kituo hicho na kubaka wanawake na wasichana na kupora nyumba. Korti ya kijeshi iliketi Goma na kutoa hukumu mwezi wa Mei 2014. Askari 39 walikuwa wameshitakiwa. Wawili tu walipatikana na hatia ya ubakaji. Hakuna anayeweza kudai kwamba picha ingebadilisha hukumu hiyo, maana ubakaji haupigwi picha na waathirika hawapaswi kuonyeshwa. Lakini kesi ile ilifundisha jinsi ilivyo vigumu kumuunganisha mtu fulani na tendo fulani, mahali fulani, siku fulani.

Miaka minne baadaye, wilaya hiyo hiyo ilitoa somo lingine. Septemba 2018, korti ya kijeshi iliwahukumu makamanda wawili wa FDLR kifungo cha maisha kwa jinai dhidi ya ubinadamu zilizofanyika mwaka wa 2012 katika vijiji vya Kamananga na Lumenje, wilaya ya Kalehe. Miongoni mwa vithibitisho kulikuwa na picha zilizopigwa kwa simu kwa kutumia programu ya eyeWitness to Atrocities, iliyoanzishwa na chama cha kimataifa cha mawakili, International Bar Association. Programu hiyo inaandika saa, tarehe na mahali picha ilipopigwa, na kuiwekea alama ya siri inayoonyesha kama picha imeguswa baadaye. Mawakili wa waathirika walifundishwa kuitumia, na majaji wakazipokea picha hizo.

Nguvu ya picha zile haikuwa katika uzuri wake. Ilikuwa katika uwezo wa kuthibitisha kwamba zilipigwa pale, siku ile, na hazikubadilishwa. Hapo kamera ya zamani inapigwa chini. Nyingi hazina uwezo wa kujua mahali zilipo. Saa yake huwekwa kwa mkono, na betri ikikauka kabisa kwa muda mrefu inarudi mwanzo. Ndiyo sababu kuna picha za harusi za juzi zinazosema zilipigwa tarehe 1 Januari 2006. Mbele ya jaji, tarehe ya namna hiyo ni mlango wazi kwa wakili wa upande wa pili.

Lakini simu mpya inapigwa chini vilevile, mara tu picha inapopitishwa WhatsApp kwa njia ya kawaida. Programu hiyo huondoa habari za saa na mahali zilizokuwa ndani ya picha. Kinachobaki ni sura bila asili, kinachozunguka kutoka kundi hadi kundi, na baada ya wiki mtu anakibandika kwenye habari ya kijiji kingine. Kivu imeona mara nyingi picha za zamani zikitumiwa kama za leo ili kuchochea chuki. Aliyebaki na picha ya asili ndiye anayeweza kusema: hii ilipigwa hapa, siku hii, na mimi niliyeipiga nipo.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wenye uwezo. Nani Minova ana pesa ya kuchapisha picha wakati bei ya unga inapanda? Pingamizi hilo ni la haki, lakini jibu lake halihitaji pesa nyingi. Familia haihitaji kuchapisha picha 500. Inahitaji chache: wazazi, kila mtoto akiwa na sura yake halisi, nyumba, shamba. Nyuma ya kila moja yaandikwe majina, tarehe na mahali, kwa kalamu. Nakala moja ikae nyumbani, nyingine kwa ndugu wa mbali.

Pingamizi la pili ni la usalama, nalo ni zito zaidi. Habari za mahali zilizomo ndani ya picha zinaweza kumsaidia jaji, na zinaweza pia kumwonyesha mwenye silaha nyumba ya shahidi. Simu iliyojaa picha ni hatari kwa anayeibeba akipekuliwa njiani. Kwa hiyo haifai kumwambia kila raia awe mpelelezi. Anayekusanya ushahidi afanye hivyo kupitia watetezi wa haki waliofundishwa, kwa programu inayohifadhi picha nje ya simu, na asiionyeshe kamwe sura ya aliyedhulumiwa. Kwa wengine wote, busara ni kuzima kiashiria cha mahali kabla ya kusambaza picha, na kuweka ile ya asili mahali salama.

Kwa wapiga picha wa vituo, ushauri ni mwepesi. Kamera ya 2006 inayofanya kazi isitupwe kwa aibu. Ipewe tarehe sahihi kila asubuhi kabla ya kazi, lenzi isafishwe, mteja asimamishwe kwenye kivuli chenye mwanga mwingi na si mbele ya ukuta unaong'aa. Picha zihifadhiwe mahali pawili kabla ya kufuta kadi ya kamera, na mteja apewe faili nzima kwa fleshi au kama dokima. Anayefanya hivyo anauza kitu ambacho simu ya mpwa wa bwana harusi haikiuzi: kumbukumbu yenye mlinzi.

Shirika la raia, parokia na shule zinaweza kusaidia pia. Zina makabati, zina kompyuta hapa na pale, na zina watu wanaoaminika. Picha za mwisho wa mwaka wa shule, zikihifadhiwa kwa utaratibu, siku moja zinaweza kuwa njia pekee ya kuthibitisha kwamba mtoto fulani aliishi Minova na alikuwa na sura hii.

Mteja wa Minova anayo haki ya kudai picha nzuri. Ila swali lake linafaa kubadilika. Badala ya kuuliza apareyi ina megapikseli ngapi, amuulize mpiga picha, na ajiulize mwenyewe akiwa na simu yake: baada ya miaka kumi, kama itabidi kukimbia tena, picha hii itakuwa kwa nani?